Shimpanze wa mashariki wana mdundo wao, na ngoma yao ni mti

Katika misitu ya mashariki mwa DRC, mti mkubwa unaweza kuwa ngoma. Shimpanze dume anashika mizizi mipana iliyosimama kama ukuta, anaipiga kwa mikono na miguu, na mlio unaweza kufika zaidi ya kilometa moja. Wenzake wasiomuona wanajua upande aliko.

Je, anapiga ovyo ao anafuata mdundo? Jibu lilitoka Mei 2025 katika jarida la kisayansi Current Biology. Watafiti, kati yao Vesta Eleuteri na Catherine Hobaiter, walichunguza vipindi 371 vya upigaji wa shimpanze wa makundi 11. Waliona kwamba wa Afrika ya magharibi wanaacha nafasi sawa kati ya pigo na pigo, kama saa ya ukutani. Wa mashariki, jamii ya shimpanze wetu wa Kongo na wale wa Uganda na Tanzania, wanabadilisha: nafasi fupi, kisha ndefu.

Mbele ya hapo, mwaka 2022, utafiti wa Budongo, Uganda, ulionyesha kwamba dume akiwa safarini anapiga kwa namna yake mwenyewe, sawa na mtu anayetaja jina lake. Akitaka tu kuonyesha nguvu, namna hiyo anaiacha.

Gorila naye anajipiga kifua. Rwanda, katika mbuga ya Volcans inayopakana na Virunga, watafiti waligundua mwaka 2021 kwamba dume mwenye mwili mkubwa anatoa sauti nzito zaidi. Anayesikia anaweza kupima ukubwa wake bila kumuona.

Wazee wetu wanaojua lokole hawatashangaa: kupiga ni kusema. Kwa mwanadamu mdundo unaanza mapema sana. Majaribio ya 2009 yalionyesha kwamba ubongo wa mtoto wa siku mbili ao tatu, hata akilala, unatambua pigo lililokosekana. Na kwa kuwa shimpanze ni ndugu yetu wa karibu, watafiti wanafikiri mizizi ya muziki wetu inaweza kuwa ya zamani kuliko binadamu mwenyewe.

Lakini si kila mti unafaa kwa ngoma hiyo. Inatakiwa miti mikubwa, yenye mizizi mipana, na miti mikubwa inachukua miaka mingi kukomaa. Katika Virunga na Kahuzi-Biega miti inaendelea kukatwa kwa ajili ya makala. Fundi wa lokole akipoteza chombo atachonga kingine. Shimpanze hana fundi.