Oili haipimwi kwa vidole

"Fundi, mbona sintetiki hii nyepesi hivi? Hawajaitia dizeli?" Wiki hii nimeulizwa mara tatu, zote hapa Garsen, na kila muulizaji alikuwa keshachovya kidole cha shahada, akakisugua na gumba mbele ya macho yangu, akatikisa kichwa. Ukienda Minjila mtihani ni huo huo: ikivutika ni oili, ikiteleza kama maji ni feki.

Kidole chako kina nyuzi 35 hivi. Oili hufanya kazi kwenye nyuzi 100, na karibu na ringi za pistoni joto huzidi hapo. Oili ya kawaida ya 15W-40 ikipanda kutoka nyuzi 40 hadi 100, uzito wake hupungua karibu mara saba. Ule uzito uliousikia kidoleni haumo tena injini ikishachemka. Tena, wepesi na uzito ni habari ya namba iliyoandikwa kwenye kopo, haihusiani na usintetiki. Iko sintetiki ya 5W-30 inayomiminika kama mafuta ya kupikia, na iko ya 20W-50 iliyo nzito.

Mambo yangeishia kwenye kusugua vidole, ningenyamaza. Lakini mwenye pikipiki akishaamua kwamba oili ni "maji", huongeza gia oili, ile tisini, eti kwa kuwa 90 ni kubwa kuliko 50. Jamani! Hizo ni mizani mbili mbali mbali. Kwenye nyuzi 100, gia oili ya 90 ina uzito unaokaribiana na wa oili ya injini ya 50. Umenunua namba tu. Na umetia balaa: harufu ile kali ni ya salfa na fosforasi zilizowekwa kwa ajili ya meno ya difu, ambazo kwenye joto kubwa hula bushi za shaba. Gia oili pia haina sabuni ya kuosha masizi. Nimefungua injini za namna hiyo nyingi mno, ringi zimegandamana kwa uchafu, na mwenyewe bado analaumu sintetiki.

Sintetiki ni nini basi? Mkulima wa mpunga wa huku Delta ya Tana atanielewa upesi. Mafuta ghafi yana molekuli za kila ukubwa, kama mchele wenye chenga, pumba na vijiwe. Oili ya kawaida ni mchele uliopepetwa na kuchaguliwa, safi lakini bado mchanganyiko. Sintetiki ya asili haipepetwi, hujengwa: gesi ya ethilini huunganishwa kuwa desini, nazo desini zikaungwa tatu tatu, nne nne, mpaka molekuli zikalingana. Zile dhaifu zinazowahi kuvukiza na kuharibika kwa joto hazimo. Iko na njia nyingine, ya kuyapasua mafuta ghafi kwa haidrojeni na shinikizo kubwa mpaka molekuli zijipange upya. Hiyo nayo iitwe sintetiki? Mobil walikataa, Castrol wakasema ndiyo, na mwaka 1999 chombo kinachoamua ugomvi wa matangazo ya biashara Marekani kikawapa haki Castrol. Wajerumani hawakufuata, kwao sintetiki kamili ni ile iliyojengwa. Kwa hiyo neno lililo kwenye kopo lako huenda lina maana ya haidrojeni, na bado ikawa oili nzuri.

Sifa yake kubwa huko ng'ambo, kuwasha injini kwenye baridi kali, haituhusu. Kinachotuhusu ni joto: pikipiki inayopozwa kwa upepo, abiria wawili na gunia, saa saba mchana barabara ya Hola. Hapo inafaa. Lakini haichuji vumbi wala haifukuzi maji. Baada ya mafuriko ya 2023 na 2024 nililetewa pampu za shamba zenye oili rangi ya chai ya maziwa, na wenyewe wakijitetea kwamba walitia sintetiki.

Ya kufanya, haraka haraka. Namba fuata kitabu cha injini. Pikipiki: tafuta JASO MA au MA2, maana klachi inaoga oili hiyo hiyo, na oili nyingine za gari zitaifanya iteleze. Pampu ya shamba: oili ya kawaida inatosha, imwage mapema. Dizeli: tazama herufi C ya API. Lakiri ya kopo iwe haijaguswa, na namba ya KEBS ithibitishe kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Moshi wa buluu ni ringi au sili za vali, lete spana. Oili ikiwa nyeusi usiogope, inaosha. Ikiwa ya maziwa, zima injini hapo hapo uimwage.