Shahada ya Uzamili kwa Wauguzi: Faida Zake, Mipaka Yake na Maandalizi Yanayohitajika

Katika zahanati nyingi za vijijini, mgonjwa anayefika usiku hupokelewa na muuguzi. Ndiye anayepima joto na shinikizo la damu, ndiye anayetambua kwamba mama mjamzito hawezi kusubiri mpaka asubuhi, na ndiye anayekaa naye mpaka gari la wagonjwa lifike. Kwa sababu hiyo, elimu ya muuguzi si jambo lake peke yake. Inawahusu wananchi wote wa Handeni na Korogwe ambao uhai wao, kwa saa kadhaa, hutegemea uamuzi wake.

Muuguzi mwenye sajili anayetaka kujiendeleza hadi shahada ya uzamili kwa kawaida hutaka kujua mambo mawili: elimu hiyo itampa mamlaka gani kazini, na aanzie wapi kuitafuta.

Mamlaka ya kutibu

Katika baadhi ya nchi, muuguzi mwenye elimu ya juu ya kitabibu huruhusiwa kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Utaratibu huo ulianzia Marekani mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Colorado, ili huduma ziwafikie watoto waliokuwa mbali na madaktari. Barani Afrika, Botswana imekuwa ikiwaandaa wauguzi wa namna hiyo tangu miaka ya 1980. Mwaka 2020, Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa mwongozo unaopendekeza shahada ya uzamili iwe kiwango cha chini cha kuingia katika kazi hiyo.

Tanzania ilipita njia nyingine. Pengo la madaktari vijijini lilizibwa hasa kwa kuwaandaa matabibu, nao wauguzi wakaendelea kuongezewa majukumu mahususi kupitia mafunzo na miongozo ya Wizara ya Afya, kama vile kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au, kwa waliosomea, kutoa dawa za usingizi kwa wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji.

Kwa hiyo ni vema muuguzi afahamu mapema kwamba shahada ya uzamili peke yake haimgeuzi kuwa tabibu. Mipaka ya kazi yake huongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na miongozo ya Wizara. Anayeacha kituo chake kwa matarajio ya kurudi na kalamu ya kuandikia dawa anaweza kuvunjika moyo, hali elimu aliyoipata ina thamani kubwa.

Thamani ya ubobezi

Thamani hiyo ni ubobezi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa mfano, hufundisha shahada ya uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, uuguzi wa afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake.

Kila eneo kati ya hayo lina nafasi katika wilaya hizi. Njia kuu zitokazo Dar es Salaam na Tanga hukutana Segera na kuendelea Korogwe kuelekea Moshi, na majeruhi wa ajali huhitaji mtu anayejua nani ahudumiwe kwanza, njia ya hewa ilindwe vipi na damu izuiwe vipi kabla ya safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mkunga mbobezi huweza kuwafundisha wenzake kuzitambua dalili za hatari zingali changa. Muuguzi wa afya ya akili huisaidia familia ambayo isingeweza kumpeleka mgonjwa wake hadi Mirembe, Dodoma, kila anapougua.

Safari ya masomo

Safari ni ndefu. Mwenye stashahada ya miaka 3 hulazimika kwanza kupata shahada ya kwanza ya uuguzi, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4 na kufuatiwa na mwaka 1 wa utarajali. Shahada ya uzamili huchukua takribani miaka 2, pamoja na utafiti na uandishi wa tasnifu. Tangu anapoingia chuo kikuu hadi kuhitimu uzamili, muuguzi anaweza kutumia miaka 7 au zaidi, mbali na muda wa kazi kati ya ngazi moja na nyingine.

Kabla ya kulipa ada yoyote, ahakikishe kwamba programu anayoomba imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na kwamba leseni yake ya uuguzi ni hai. Anayesoma nje ya nchi, au kwa njia ya mtandao katika chuo cha nje, aulize mapema kama shahada hiyo itatambuliwa na Tume, kwani shahada isiyotambuliwa haitamsaidia kazini.

Kibali cha mwajiri

Mtumishi wa umma haendi masomoni bila kibali cha mwajiri wake. Njia iliyo salama ni kuwasilisha nia yake kwa msimamizi wake wa kazi na kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya au Mji, ili jina lake lifikiriwe katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na maandalizi ya bajeti hutangulia kwa miezi mingi. Anayesubiri mpaka apate barua ya udahili ndipo aombe ruhusa huwa amechelewa. Azingatie pia kwamba kibali cha kusoma si ahadi ya kulipiwa ada. Masharti kuhusu mshahara, ada na wajibu wa kurudi kazini yasomwe na kueleweka kabla ya kusaini.

Maandalizi hayo yanawalinda pia wanaobaki. Katika zahanati yenye wauguzi 2, akiondoka mmoja bila mpango, mwenzake hubaki na zamu za usiku na mchana, kliniki ya watoto na chumba cha kujifungulia. Taarifa ikitolewa mapema, uongozi hupata muda wa kutafuta wa kuziba nafasi hiyo.

Muuguzi mwenye nia ya kujiendeleza anashauriwa kufika katika ofisi ya Muuguzi Mkuu na kwa Ofisa Utumishi wa halmashauri yake, iwe ya Wilaya au ya Mji, akiwa na nakala za vyeti, leseni na barua ya kuthibitishwa kazini. Elimu yake ikipangwa vema, mama anayefika zahanati usiku hatakuta mlango umefungwa leo, na kesho atapokelewa na mikono yenye ujuzi zaidi.