Kifuniko cha Frasila Moja

Baadhi yenu, mkishaisoma anwani hii, mtadhani nimekusudia kusimulia habari za mapagazi waliopita nchi hii yetu ya Unyamwezi wakitoka pwani kwenda Ujiji. Sivyo. Mapagazi watatajwa, lakini habari yenyewe ni ya kasha la kioo la kufugia samaki lililomo nyumbani kwa dada yangu hapa Puge, na ya kifuniko chake cha mninga, na ya mota iliyotolewa katika mlango wa gari bovu. Vijana wawili watatu wameniomba niiandike kwa utaratibu ili nao wajaribu, nami nimeona ni bora niandike na makosa yangu pamoja, maana hayo ndiyo yaliyonifunza zaidi.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 15. Mwaka juzi alianguka katika pikipiki, mkono wake wa kuume ukavunjika mahali pawili ukaunga vibaya, na hata leo hauwezi kuinua kitu kizito kupita usawa wa kifua. Tangu siku ile akawa mtu wa kujitenga. Chuoni alikuja, akaketi nyuma, akasoma zamu yake kwa sauti ya chini, akaondoka. Kilichomtoa katika hali hiyo ni samaki. Baba yake mdogo aliyeko Kigoma alimletea samaki hai wa Ziwa Tanganyika, nao walisafiri kwa garimoshi kiasi cha kilomita 400 mpaka Tabora, kisha kwa basi mpaka hapa, wamefungwa katika mifuko ya plastiki yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa. Tangu siku iliyotangulia hawakuwa wamelishwa, ili wasije wakayachafua maji yao njiani.

Ziwa lile lina kina cha mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni moja tu lililolishinda kwa kina. Jamii ya samaki ambayo wataalamu huiita sikilidi ina aina zaidi ya 200 humo, na nyingi katika hizo haziko mahali pengine popote. Mapema mwaka 1858 Burton na Speke walilifikia ziwa hilo wakitoka Kaze, ambayo ndiyo Tabora, na makombe ya konokono aliyoyachukua Speke yalipelekwa London yakaelezwa na mtaalamu mwaka 1859. Katika kasha la mpwa wangu wamo samaki wadogo, urefu wao haupiti kidole cha shahada, ambao nyumba yao ni kombe la konokono aliyekufa. Hulala humo, hutaga humo, na akija adui huingia humo. Tena wamo wengine ambao mama huyaweka mayai yake kinywani, akakaa bila kula hata watoto wapate nguvu. Watoto wa chuo walikuwa wakipita alasiri kutazama, na mpwa wangu, ambaye kwa mwaka mzima hakuzungumza ila kwa kuulizwa, akawa ndiye mwalimu wao.

Sasa natuje kwenye kasha. Urefu wake ni sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Likijaa huchukua lita 243, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, mezani pana uzito wa frasila 15 na zaidi mbali na kioo na mawe. Kifuniko ni lazima, kwa sababu samaki hawa huruka, mijusi huanguka kutoka darini, na maji hupungua upesi katika joto letu la mwezi wa kumi. Fundi seremala alikitengeneza kama sanduku lililopinduliwa, kwa mbao nene za mninga, na taa ndani yake. Nilikipima katika mizani ya dukani, nikakuta kilo 16, ambayo kwa hesabu ya wazee ni frasila moja kamili. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa frasila mbili hivi. Lakini pagazi alitwishwa akiwa na mikono miwili mizima, wala hakutakiwa aushike mzigo kwa mkono mmoja huku akilisha samaki kwa mwingine.

Mpwa wangu alizoea kukiinua upande wa mbele na kukizuia kwa kijiti. Siku moja kijiti kiliteleza, na kifuniko kikaangukia vidole vya mkono wake wa kushoto, ule mzima. Ukucha mmoja ulitoka. Dada yangu alimfunga dawa bila kusema neno, kisha akaja kwangu baada ya magharibi. “Kaka,” aliniambia, “mtoto wangu alibakiwa na mkono mmoja, na sasa samaki wanautaka na huo. Mwezi huu ukiisha na mambo ni haya haya, kasha litauzwa.” Nikamwomba anipe mwezi huo.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini hamkutengeneza kifuniko chepesi, au mkakata kidirisha cha kutilia chakula? Swali ni la haki. Mbao nyembamba za kubandikwa hupinda kwa mvuke katika muda wa miezi michache, na kidirisha hufaa kwa kulisha tu. Kusugua kioo, kupanga mawe na kubadilisha maji hutaka kasha liwe wazi lote. Lakini sitaficha kwamba nilikuwa pia na hamu yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nimewasimulia wanafunzi habari za ndugu watatu wana wa Musa, walioandika kitabu cha vyombo vya ajabu huko Baghdad katika karne ya tisa ya Miladi, na za Al-Jazari, aliyekamilisha chake mwaka 1206 akiwatumikia watawala wa Diyarbakir, akaeleza saa za maji na mitambo ya kupandishia maji, kipande kwa kipande, ili fundi mwingine aweze kuitengeneza. Waarabu waliiita elimu hiyo kwa neno lile lile tulilolichukua sisi tukasema hila, ila kwetu limeharibika maana. Mimi, mwenye kusifu elimu ya watu wa kale, sikuwa nimetengeneza hata kitasa cha mlango.

Mota nilipewa bei nafuu na muuza vipuri vikuukuu huko Tabora. Ni ile ipandishayo kioo cha mlango wa gari. Naipendekeza kwa sababu tatu. Hutumia umeme wa volti 12, basi betri ya sola inaitosha. Ukigeuza nyaya zake mbili, nayo hugeuza mzunguko wake. Na ndani yake gurudumu la meno huzungushwa na parafujo, hata umeme ukikatika mzigo hauwezi kuirudisha nyuma kirahisi.

Jaribio la kwanza lilikuwa langu peke yangu, na hasara yake ni yangu. Nilitia kulabu moja katikati ya kifuniko, nikapitisha kamba katika kapi lililofungwa kwenye boriti, nikaifunga kwenye mota ukutani, nikabonyeza swichi mbele ya dada yangu na watoto wa chuo. Kifuniko kiliondoka vizuri. Kisha kikainama, kwa sababu taa zilikuwa upande wa mbele na uzito haukuwa sawa, nami nikawa natazama ile pembe iliyoinama badala ya kutazama juu. Hapakuwa na kitu cha kuisimamisha mota ila kidole changu. Kulabu ilifika kwenye kapi, mota ikazidi kuvuta, na kulabu ikang’oka katika ubao. Kifuniko kilishuka kwa pembe moja juu ya ukingo wa kioo.

Maji ya kasha hayatoki kwa kishindo kama mtu anavyofikiri. Kioo kilipasuka mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na maji yakatoka kama pazia, yakafunika mikeka. Misahafu ilikuwa katika rafu ya juu, alhamdulillahi. Mpwa wangu hakupiga kelele. Alichukua ndoo, akaingiza mkono wa kushoto, akawa anawateka samaki kwa kikombe mmoja mmoja, na watoto wakamletea masufuria. Wawili walikufa. Dada yangu alianika mikeka uani, na siku ile hakunipa chai.

Kesho yake kijana alinijia na karatasi. “Mjomba,” alisema, “kifuniko kina pembe nne. Kwa nini tulikifunga mahali pamoja?” Alikuwa amechora kamba nne, moja kwa kila pembe, zote zikipanda kwenye boriti na kwenda upande wa ukuta. Nilimwambia kwamba watu wa pwani hawalipandishi foromali la jahazi kwa nguvu tupu; huipitisha henza katika gofia, na mzigo ukagawanyika katika kamba. Naye akaniuliza kwa nini basi tusifunge mwisho wa pili wa kamba zetu uzito mwingine, ili kifuniko kikipanda uzito huo ushuke. Hayo yalitoka kwake, mimi sikuyawaza.

Basi ndivyo tulivyofanya, baada ya kubadilisha kioo na kukiunga kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tuliiacha ikauke siku saba. Kamba nne za pembe zote zimefungwa katika ubao mmoja ulioning’inia ukutani, na juu ya ubao huo mna mfuko wa mchanga. Ubao na mchanga pamoja ni kilo 12. Kwa hiyo katika kilo 16 za kifuniko zimebaki 4 tu za kuvutwa na mota. Msizisawazishe kabisa, kwani kifuniko kisichoushinda uzito wa mchanga kitabaki hewani na hakitashuka. Mota iko chini, mbali na maji, nayo huuvuta ubao kwa kamba iliyopita katika kapi la ubao wenyewe. Basi nguvu inayotakiwa hupungua kwa nusu, na urefu wa kamba huzidi mara mbili. Kifuniko hupanda sentimita 35, hivyo mota hukunja sentimita 70. Pipa dogo la kukunjia lina kipenyo cha sentimita 4, na mzunguko wake ni sentimita 12 na nusu hivi. Mizunguko sita isiyotimia inatosha. Kwa saa ya mkononi ni sekunde nane.

Jambo ninaloliona bora kuliko yote katika mpango huu ni kwamba mota huvuta katika kupanda tu. Katika kushuka hulegeza kamba, na kifuniko hushuka kwa kilo zake 4. Kikikuta kidole, kamba hulegea na mota haikisukumi. Nililijaribu kwanza kwa yai bichi lililofungwa katika kitambaa, likapasuka. Kisha kwa mkono wangu, nao haukupata ila alama nyekundu. Pamoja na hayo, kabla ya mtu kuingiza mkono hutia kipande cha nondo katika tundu la mwimo, kiwe kizuizi. Parafujo ya mota ni amana nzuri, lakini mkono una thamani zaidi.

Swichi tulichagua ile ambayo ukiiachilia hurudi katikati na kukata umeme. Tena kuna swichi mbili ndogo za kikomo, ya juu na ya chini, kila moja na dayodi kando yake, ili ile iliyokata umeme wa kupanda isizuie umeme wa kushuka. Ile ya chini msiidharau. Mota ikiendelea kulegeza baada ya kifuniko kutua, kamba hujikunja upande wa pili wa pipa, na kifuniko huanza kupanda tena wakati mnapotaka kishuke. Fyuzi ni ya ampea 10, imewekwa karibu na betri.

Msilete umeme wa gridi wa volti 230 kwenye mtambo kama huu juu ya maji. Na waya wa taa na wa pampu ya hewa, ambao hauepukiki, uacheni uning’inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Makapi tuliyachonga kwa mpingo. Chuma kingeota kutu kwa mvuke, na shaba, ingawa haioti kutu hiyo, ikidondokea majini ni sumu kwa samaki na konokono.

Nikiwa natafuta grisi kwa fundi mmoja wa magari, alinikumbusha meli ya Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa Julai 1916 karibu na Kigoma, lakini kwanza mafundi wao walizipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza waliiinua kutoka chini ya ziwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaelea tena kazini. Aliniambia hayo ili nisibanie grisi. Nilinunua kopo zima.

Siku ya jaribio la pili sikuwaita watu. Tulikuwa mimi, kijana na mama yake, na mwezi ulikuwa umebakiwa na siku tatu. Kijana alibonyeza kwa mkono wa kuume, ule uliovunjika. Kifuniko kilipanda sawasawa kwa pembe zote nne, kikasimama chenyewe. Dada yangu alikitazama kitambo, akasema, “Teremsha nione.” Kikateremka. “Pandisha tena.” Alifanya hivyo mara tano, kisha akaenda jikoni, nami nikaletewa chai.

Imekuwa miezi saba sasa. Kamba za nailoni zilinyooka katika wiki ya tatu, pembe moja ikawa inachelewa, tukazikaza kwa boliti zenye kulabu. Kila Alhamisi, chuo kikiwa kimefungwa, kijana huzikagua zote nne na kuandika tarehe ukutani kwa chaki. Kapi moja la nyuma bado hulia. Tumelitia grisi ile ile, likanyamaza siku mbili, likaanza tena.