Je, Wajua? Kasa wa Maziwe Hutaga Kisiwani, Watoto Huanguliwa Bara

Kisiwa cha Maziwe, mkabala na Pangani, kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na mivinje. Miti ikaisha, likabaki fungu la mchanga linalozama maji ya bamvua yakijaa.

Mayai yakiachwa hapo hufa maji. Kwa hiyo huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, yakafukiwa upya kwa miezi miwili hivi. Mchanga ukiwa na joto zaidi, hutoka majike wengi.

Siku ya kuanguliwa, watu hukusanyika. Mchanga unatikisika. Kinachomoza kichwa cheusi, kisha vikono, halafu kundi zima linakimbilia majini. Kila mmoja anaenea kiganjani!

Zamani mayai hayo yalikuwa kitoweo. Aliyeshuhudia mbio hizo, sidhani kama atayatamani tena.