Je, Wajua? Mtandao Unavyofika, na Usivyofika, kwa Waaborijini wa Australia

Je, wajua kuna dishi la simu lisilohitaji umeme, betri wala sola? Centre for Appropriate Technology, shirika la Waaborijini lililoanzishwa mwaka 1980 mjini Alice Springs, husimika madishi hayo kwenye vijiji na kando ya barabara ambako mtandao unashika kwa shida. Kifaa chote ni nguzo, dishi lililoelekezwa kwenye mnara wa mbali, na kishikio kidogo mbele yake. Unaiweka simu kwenye kishikio, pale dishi linapokusanyia mawimbi, na mtandao unapanda. Ongea kwa spika au kwa visikizi, maana ukiichomoa simu na kuipeleka sikioni, maongezi yamekatika. Hakuna mtambo wa kuungua na hakuna bili ya umeme.

Je, wajua Waaborijini wengi hawaishi jangwani? Mwaka 2021 wao na ndugu zao wa visiwa vya Torres Strait walikadiriwa kuwa takriban 984,000, na ni kama asilimia 15 tu walioishi maeneo ya mbali. Lakini hao wamesambaa kwenye makazi zaidi ya 1,500, mengine yakiwa na familia chache tu. Kampuni ya simu ikipiga hesabu ya kujenga mnara hapo, faida haionekani. Ndiyo maana zaidi ya asilimia 40 ya makazi hayo hayana kabisa mtandao wa simu za mkononi.

Je, wajua wazee wa jangwani walirusha matangazo ya televisheni bila leseni? Mwaka 1985 Australia ilikuwa inapeleka angani satelaiti yake ya kwanza ya mawasiliano ya ndani, Aussat, ambayo ingefikisha televisheni ya mijini kila pembe ya nchi. Wazee wa vijiji vya Yuendumu na Ernabella walihofia watoto wangelelewa na lugha ya wageni. Hawakungoja kibali. Jamii zao zilirekodi video za ngoma, mikutano na mechi, kisha wakazirusha hewani kwa mitambo midogo kwa ajili ya kijiji chao. Serikali iliishia kufuata nyayo zao: mwaka 1987 ikaanzisha mpango wa kugawa vifaa vya utangazaji kwa jamii za mbali.

Je, wajua Wawarlpiri, Waaborijini wa Yuendumu na vijiji jirani, walikuwa wakiongea kwa video kabla dunia haijaizoea intaneti? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijiji vyao viliunganishwa na Tanami Network, mfumo wa mikutano ya video uliowafikisha hadi Darwin na Sydney. Uliwakutanisha na ndugu walio mbali, wakiwemo waliokuwa gerezani, na wachoraji wakautumia kuuza kazi zao.

Je, wajua kuna kompyuta inayojua kufanya matanga? Katika jamii nyingi za Waaborijini, kumtazama marehemu kwenye picha wakati wa msiba ni mwiko. Ara Irititja, hifadhi ya picha, filamu na sauti za Waanangu, jamii mojawapo ya Waaborijini, iliyoanza mwaka 1994, ilitengenezewa programu inayofuata desturi hiyo. Mtu akifariki, picha zake huondolewa machoni pa watu hadi familia iridhie zirudishwe. Mambo ya jandoni hayafunguki kwa wanawake, na ya kike hayafunguki kwa wanaume. Wawarumungu wa Tennant Creek nao walishiriki kubuni Mukurtu, programu ya aina hiyo, ambayo leo inatolewa bure na kutumiwa na wenyeji wa asili wa nchi nyingine.

Je, wajua lugha ya Kiarrernte ina emoji zake 90? Zilitoka Desemba 2019, kazi ya wazee na vijana wa Alice Springs.

Je, wajua jina la Sky Muster, satelaiti ya intaneti ya Australia, lilibuniwa na mtoto wa miaka sita? Ni binti wa Northern Territory aliyekuwa akisoma shule kwa masafa. Sky Muster ya kwanza ilirushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2016. Zinakaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na umbali huo una gharama yake: unauliza swali, jibu linachelewa zaidi ya nusu sekunde, na maongezi ya video yanakuwa ya kukatishana maneno.

Je, wajua unaweza kuwa na Wi-Fi na bado ukafungiwa nje? Ofisi na benki hutuma namba ya siri kwa SMS. Nyumba yenye intaneti ya satelaiti kijijini kusiko na mnara mara nyingi haipati SMS hiyo. Na simu moja ikitumiwa na shangazi, mjukuu na jirani, kulinda siri za benki ni kazi nyingine.

Je, wajua vibanda vya simu bado vina kazi? Tangu Agosti 2021, kupiga simu za ndani ya Australia kutoka vibanda vya kampuni ya Telstra ni bure. Kwa anayetumia simu ya lipa kabla, bando likiisha katikati ya mwezi, kibanda kilicho karibu na duka humuokoa.

Je, wajua simu nzima inaweza kufa siku moja? Mitandao ya 3G ya Telstra na Optus ilianza kuzimwa tarehe 28 Oktoba 2024. Simu za zamani zilizotegemea 3G, hata zisizo na ubovu wowote, zikabaki za kuangalia saa.

Je, wajua Australia imejiwekea tarehe ya kumaliza tofauti hii ya kidijitali? Mkataba wa kitaifa wa mwaka 2020 ulitaka wenyeji wa asili wawe sawa na wenzao kidijitali ifikapo 2026. Kipimo kinachotumika kinaangalia mambo matatu: kupatikana kwa mtandao, bei, na ujuzi wa mtumiaji. Mwaka 2023 pengo la nchi nzima lilikuwa pointi 7.5, lakini maeneo ya mbali lilizidi pointi 20. Kwa jamii zilizorusha televisheni zao zenyewe miaka ya 1980, hayo mawili ya kwanza ndiyo yanayodaiwa zaidi.