Ekrani ikiwa nyeusi, majina ya wabatizwa hayajapotea

Katika makanisa yetu mengi kompyuta haikai kanisani. Inakaa nyumbani kwa katibu, kwenye mlango unaofungwa vizuri. Ni mashine ya zamani, sanduku na ekrani yake, na ndani mna majina ya wabatizwa, ndoa na hesabu za matoleo. Siku ya posho jioni unaiwasha ili uandike matangazo ya kesho, na ekrani inabaki nyeusi.

Jueni kwanza kwamba ekrani haihifadhi kitu. Majina yamo kwenye diski, ndani ya sanduku. Hata ekrani ikifa kabisa, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo fundi akisema imekufa, au akitaka kuweka Windows upya, mwambieni anakili majina kwanza. Nimeona kanisa moja likipoteza orodha ya miaka mingi kwa njia hiyo, na shida ilikuwa waya tu.

Tazama taa ndogo ya ekrani. Isipowaka kabisa, jaribu waya mwingine wa umeme na tundu lingine la ukutani. Ikiwaka, au maneno yakitokea kwamba hakuna signali, basi mara nyingi ekrani ni nzima. Inangoja picha ambayo haifiki. Chomoa waya wa picha. Kwenye mashine za zamani kichwa chake huwa cha buluu, chenye meno hadi 15 katika safu 3. Jino moja la safu ya katikati mara nyingi halipo tangu kiwandani, msishtuke. Lakini jino lililopinda ni shida: linyoshe polepole kwa ncha ya kisu chembamba, rudisha kichwa, kaza skurubu zake 2. Jino la rangi nyekundu lisiposhika, picha yote inakuwa ya buluu-kijani. La buluu lisiposhika, inakuwa ya njano. Watu wamenunua ekrani mpya kwa sababu hiyo.

Geuza sanduku. Ukiona matundu mawili ya picha, moja juu na lingine chini kwenye kadi ya pembeni, chomeka kwenye kadi. Mashine nyingi zikiwa na kadi hufunga tundu lile la juu.

Bado giza? Feni inazunguka, labda unasikia mlio unaorudiarudia? Hapo mimi hufikiria RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu. Vumbi na unyevu huingia kati ya kibao na tundu lake. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu wa sanduku, gusa chuma chake ili mwili wako usibebe umeme. Mtoto akumulikie tochi. Sukuma vishikio vya pande mbili, kibao kitainuka. Sugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa gomu ya shule, mbali na sanduku, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu. Kina pengo moja, kwa hiyo kinaingia kwa upande mmoja tu. Bonyeza mpaka vishikio vilie. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Kazi hii haigharimu hata dola, nayo imefufua mashine nyingi zilizoitwa maiti.

Pengine herufi za kwanza zinaonekana, kisha giza linakuja Windows inapoingia. Hapo mara nyingi chuma ni kizima, mipangilio ndiyo imeharibika. Kwenye Windows 7 na za kabla yake, bonyeza F8 mara kwa mara unapowasha, uchague hali salama, urudishe vipimo vidogo vya picha.

Na ekrani bapa ikionekana nyeusi, mulika tochi kwa upande. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo, taa ya nyuma ndiyo imekufa. Hiyo ni ya fundi. Ile ekrani nene yenye mgongo usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa: ya rangi hubeba zaidi ya volti 20,000, na sehemu yake hubaki ndani. Huo umeme unaua.

Mashine ikiwaka, matangazo yangoje kidogo. Nakili orodha zote kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mchungaji, nyingine kwa mzee wa kanisa anayeishi mtaa mwingine. Halafu zima, chomoa waya ukutani, maana umeme ukirudi usiku baada ya kukatika, mara nyingi huja na nguvu kupita kiasi.