Zamu za Mimea Katika Shamba Lililopumzishwa

Mkulima wa Terrat aachapo shamba lililochoka, watu hudhani ameliacha bure. Lakini ardhi haikai uchi. Mvua za kwanza zinyeshapo mimea huanza kuingia, tena huingia kwa zamu, aina moja ikiitengenezea nyingine mahali. Yakupasa kuzijua zamu hizo, ili utazamapo shamba lako uweze kutambua kama linakwenda mbele au linarudi nyuma.

Watangulizi ni magugu uyachukiayo wakati wa palizi: kishonanguo, mchicha pori, mbigili. Hayo huishi msimu mmoja tu, nayo huzaa mbegu nyingi, ambazo hulala udongoni au huletwa na maji, na nguo za watu, na manyoya ya mbuzi. Usiyadharau. Udongo wa upande huu wa Mlima Meru umetokana na majivu ya mlima. Ukikauka huwa vumbi, na mvua kubwa ikiupiga ukiwa wazi huchukuliwa upesi hata makorongo yakafanyika. Magugu huvunja nguvu ya matone, hutia kivuli, na yakifa huoza na kuurutubisha udongo.

Kisha huja majani ya malisho, kwanza yale ya msimu mmoja, halafu ya kudumu, kama ukoka utambaao. Haya ya kudumu hayana haraka, maana nguvu yao nyingi huiweka katika mizizi. Lakini yakishashika hufunika ardhi, na magugu ya kwanza hukosa mwanga. Ndipo vifuatapo vichaka, na miti ya miiba kama mgunga. Mizizi ya mgunga ina vinundu vyenye vijidudu viwezavyo kuchukua naitrojeni ya hewani na kuwapa mimea. Maganda yake huliwa na mbuzi na ng'ombe, na mbegu hutoka katika samadi zikiwa tayari kuota. Basi mara nyingi mchungaji ndiye aupandaye mti huo bila kujua.

Je, ni miaka mingapi? Hakuna hesabu moja. Juu mlimani penye mvua nyingi kichaka hurudi upesi. Katika nchi kavu ya chini, mvua ikikosa mwaka mmoja kazi husimama. Hata hivyo shamba lako lina bahati kuliko miamba ya ndani ya kreta ya Meru, mlima uliotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Kwenye mwamba mtupu hakuna mbegu wala mzizi, na ukoga ushikao mawe ndio uanzao. Wewe unao udongo, na pengine visiki vilivyo hai. Usiving'oe. Katika kila kisiki chagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, mengine uyakate.

Ng'ombe wakiingia mapema, huchagua majani ya kudumu kwanza, kwa kuwa ni matamu, na kuyaacha magugu. Zamu hurudi nyuma. Wazee wa Kimasai walilijua jambo hili, ndiyo sababu walitenga malisho ya ndama, yaitwayo olopololi. Wasukuma wana ngitili, ambayo hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Huko Shinyanga, tangu mwaka 1986, Serikali na wanavijiji waliifufua desturi hiyo, na kwa njia ya kufunga malisho tu, mara nyingi pasipo kupanda mti hata mmoja, zaidi ya hekta 250,000 zilirudiwa na miti na majani.

Lakini yuko mgeni asiyengoja zamu. Gugu karoti, lenye asili ya Amerika, liligunduliwa katika Mkoa wa Arusha mwaka 2010. Majani yake hufanana na ya karoti, maua yake ni meupe na madogo. Hutoa maua yapata wiki 4 hadi 6 baada ya kuota, na mmea mmoja mkubwa waweza kuzaa mbegu 15,000 au zaidi. Sumu yake huzuia mimea mingine kuota, huwasha ngozi ya mtu, na hutia uchungu katika maziwa ya ng'ombe walilao. Ling'oe kabla halijatoa maua, udongo ukiwa na unyevu, ukiwa umevaa glavu au mfuko mikononi. Lililokwisha kutoa maua lichomwe papo hapo, lisiburutwe njiani. Kisha rudi kulitazama shamba baada ya kila mvua, maana mbegu zilizobaki udongoni huota kwa miaka kadhaa.